Majivu kwenye Injini ya Baba

Fundi wa tatu alipotamka neno kilasi, baba alivua kofia. Nilikuwa nyuma yake na bidoni ya maziwa mkononi, nikaona anavyoishika kofia ile kwa mikono miwili kana kwamba tuko msibani. Kilasi ni kile kifuniko kizito cha juu cha injini. Kikipasuka, maji ya kupoza injini hupotelea ndani na hakuna anayeyaona.

“Ni kilasi njo imepasuka, Papa,” fundi alisema. “Inafaa tufungule moteri yote. Na kilasi ingine itatoka Goma.”

Hakuwa amegusa kitu. Aliinamisha kabini, akachungulia, akanusa, akatema mate, basi. Mimi nimekaa na ng'ombe tangu utoto na nimekaa na mafundi wa magari miaka kadhaa, na nasema wazi kwamba ng'ombe akinusa kitu, walau anatafuta jambo.

Baba akaitikia. Baba humwitikia mtu yeyote mwenye mafuta meusi kwenye nguo. Alisema atamuuza ng'ombe.

Alimaanisha ng'ombe wetu wa mwisho. Malisho ya juu yalipokuwa hayaendeki tena, baba aliuza kundi karibu lote pale Burungu akanunua lori, la kupeleka maharagwe upande wa Walikale na kurudi na mawese. Akabaki ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mkaidi, mwenye kupiga teke kila anayemkamua isipokuwa mimi. Maziwa yake niliyapeleka Kitchanga kila asubuhi, na watoto wangu wawili walisoma kwa maziwa hayo. Sasa alitakiwa ageuke kilasi. Mnunuzi angekuja Jumapili baada ya misa, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Wiki tatu lori lilikuwa linakunywa maji kupita ng'ombe mwenyewe. Likilala uani, asubuhi unakuta chini pakavu kabisa. Likipanda mlima na mzigo kuelekea Ntoto, kabla ya kufika juu mshale wa joto umeshaegemea kwenye nyekundu na rejeta imekauka. Abiria waliokaa juu ya magunia kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa kulitajia. Katekista mmoja aliliombea, na sala yake haikuharibu kitu, jambo ambalo siwezi kusema juu ya mafundi.

Maana fundi wa kwanza alichomelea rejeta mahali ambapo haikutoboka. Wa pili, aliyetoka Kibabi na miwani ya jua, aling'oa kile kidude kinachozuia maji yasizunguke injini ikiwa bado baridi. “Hii iko kitu ya Wazungu, juu ya baridi ya kwabo,” akasema, akakitupa kwenye majani. Kule juu kwetu watu wanalala na makoti, lakini yeye baridi aliijua ya Wazungu tu.

Sikuwaachia. Wa kwanza nilimuuliza kama na chai yake huichomelea ikipungua kikombeni. Wa pili nilimwomba aning'olee na mimi kidude cha kichwani, huenda nikapoa. Majirani waliokusanyika walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikiona wanacheka huwa naongeza. Nina mdomo, najulikana nao kutoka kwetu hadi Kitchanga.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasafisha bidoni. Moja ilikuwa inavuja, na tundu halionekani. Kila muuza maziwa anajua la kufanya. Unaijaza maji, unaifuta nje mpaka ikauke, unaipaka majivu makavu ya jikoni, unasubiri. Panapovuja, majivu yanakuwa meusi. Nilipaka, nikasubiri, doa likatokea chini ya mkono wa bidoni. Nikabaki nimechuchumaa na majivu viganjani, hasira zikanipanda. Mafundi watatu wazima, na hakuna aliyewaza kufanya kazi ninayoifanya mimi kabla ya chai.

Nilimwendea baba nikamwomba ufunguo.

“Wacha, mama,” akasema. Huniita mama, kama baba wengi wa kwetu. “Fundi alishasema.”

“Alisema na moteri, ao alisema na wewe?”

Akaja mwenyewe na ufunguo. Aliinamisha kabini. Nikafuta injini kwa matambara, nikachekecha majivu juu yake yote, kila mpira na kila bomba, mpaka ikawa ya kijivu. Baba akaiwasha. Tukangoja ipate joto, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine.

Kwa nyuma kabisa, mahali ambapo mkono haufiki vizuri, kuna mpira mdogo wa maji unaopita juu ya bomba la moshi. Pale majivu yaligeuka meusi, yakawa tope, tope likaanza kutoa mapovu. Tone likadondokea bomba la moto, likalia chiii, likawa mvuke. Ndiyo maana chini palikuwa pakavu. Kilasi haikuwa na kosa lolote.

Nilipiga kelele azime. Furaha niliyokuwa nayo naikumbuka mpaka leo. Injini ilipopoa nikaingiza mkono, nikakwangua grisi, nikakuta mpira umezungushiwa kipande cha chubu ya baiskeli.

“Mujinga gani alifunga hii uchafu?” nikasema kwa sauti ya kusikiwa barabarani. “Alikata mupira na kisu, kisha akaificha! Mujinga wa kuzaliwa! Huyu hata mbuzi usimupe achunge! Papa, kuya uone kazi ya mujinga!”

Baba hakuja. Nikaanza kufungua kile kipande, na vidole vyangu vikatambua fundo kabla ya macho. Limezungushwa mara mbili, mkia wake umerudishwa ndani. Hivyo ndivyo ndama wetu wanavyofungwa. Aliyenifundisha fundo hilo ni baba.

Niligeuka. Alikuwa amesimama, mikono imening'inia tu.

“Ni mimi,” akasema. “Nilikuwa nang'oa kolye, ile chuma ya kukaza mupira, kisu ikateleza. Nikafunga, nikasema itashika mpaka nipate mupira mupya.”

“Juu ya nini haukusema, Papa? Ulikuwa unauzisha ng'ombe!”

“Mbele nilizani iko kitu ingine. Kisha fundi wa kwanza akakuya, ukamucheka mbele ya batu bote. Na wa pili, vile vile.” Akaangalia lori. “Unachekaka batu sana, mama.”

Nilitaka kumwambia kwamba yeye nisingemcheka. Lakini neno mujinga nilikuwa nimeshalisema mara tatu, na jirani alikuwa amesimama kwenye ua akisikiliza. Niliona aibu. Nilichukua tambara nikamsaidia kufuta majivu.

Kipande cha mpira tulikipata siku ile ile kwenye gari bovu lililoachwa njiani. Baba alikifunga mwenyewe, nami nikashika kolye bila kumwelekeza.

Jumapili mnunuzi alifika na kamba begani, anatoa jasho la mlima. Baba akamwambia ng'ombe hauzwi tena, lori limepona. Mnunuzi akataka kujua lilikuwa na nini hasa, maana habari za kilasi zilishafika kwao. Baba akavua kofia.

“Ni panya,” nikasema mimi. “Panya alikula mupira ya maji.”

Mnunuzi akaangua kicheko, akawatukana mafundi wote wa Masisi kwa kushindwa na panya mmoja. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Baba naye alitaka kucheka, nikaona midomo yake inacheza, lakini aligeuka kwanza akanitazama usoni, akangoja, na alipoona sicheki ndipo akacheka.