Vugo Halimsubiri Mtu

Kabla sijazaliwa, mama mkubwa Mwanamkasi alikuwa tayari kiongozi wa wanawake wa ngoma ya vugo hapa mtaani kwetu Usagara. Kukiwa na harusi hugonga pembe za ng'ombe kwa vijiti, wakapita mtaa kwa mtaa, yeye mbele. Kiharusi kilipomshika upande wa kulia, bintiye Najat alikuwa ameshaposwa.

"Bila mama mbele, sitoki ndani," alisema Najat.

"Utatoka. Mimi nitakaa kitini kama mgeni wa bara." Alitania, lakini pembe zake alikwisha kuwagawia wenzake.

Zabron, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfikisha kwenye kutembea kwa fimbo. Mguu wa kulia ulikuwa bado ukiburuzika. Chuoni nilisoma tafiti za jambo hili: mdundo usiobadilika unaweza kumsaidia mgonjwa wa kiharusi kurefusha hatua na kuzisawazisha. Hauchukui nafasi ya mazoezi, na kwa mkono ushahidi haujawa na nguvu hivyo. Nikamweleza Zabron.

"Tujaribu," alisema. "Mdundo gani?"

"Wa kwake mwenyewe."

Bi Tausi, msaidizi wa mama mkubwa katika vugo miaka yote, alikuja uani na wenzake wawili. Wakagonga pembe. Mama mkubwa akaanza kutembea, mguu wa kulia ukachelewa, na papo hapo nao wakapunguza mwendo. Ndiyo adabu yao: kiongozi haachwi nyuma. Akichelewa, wakachelewa, mpaka mdundo ukafifia kabisa naye akayumba. Zabron akamdaka.

"Basi kwa leo," alisema Bi Tausi.

Nikajikaza. "Msimfuate yeye. Yeye ndiye awafuate nyinyi."

"Tangu lini mtoto akatufunza vugo?"

Mama mkubwa akacheka. "Mwacheni aseme. Mnanisubiri kama jeneza linalosubiri maiti. Vugo halimsubiri mtu, hata mimi."

Zabron akapima mwendo wa kawaida wa mama mkubwa, nasi tukaanzia mdundo hapo. Lakini macho ya Bi Tausi hayakubanduka kwenye ule mguu, na mkono wake ukazidi kupunguza mdundo.

"Nipeni mgongo," mama mkubwa akaamuru.

"Tukupe mgongo wewe?"

"Geukeni ukutani."

Wakageuka, shingo ngumu kwa aibu. Siku hiyo mguu ulianza kuitika. Wiki baada ya wiki tukauongezea mdundo kasi kidogo kidogo, na zile hatua zikaanza kufanana.

Siku ya harusi alishika nafasi yake, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia umelala ndani ya buibui. Najat alipomwona kupitia dirishani, akatoka. Kwenye kona ya msikiti kokoto zikamkwamisha mama mkubwa, na mguu ukabaki nyuma. Nikamtazama Bi Tausi. Machozi yalikuwa yakimtoka, kaelekeza uso juu kwenye mapaa ya nyumba, na kijiti chake hakikupunguza kitu.

Mguu ukaja.