Nimefundisha hesabu nyuma ya ubao

Jamani, leo nusura nitokee dirishani katikati ya mtihani wangu wa ualimu!

Nilikuwa nafundisha darasa la pili kugawanya kwa maharage. Mkufunzi wetu kakaa nyuma na kalamu yake, tayari kunipa maksi.

Mlango ukafunguliwa. Wazee wa kanisa wamekuja kutazama shule.

Wa mbele ni baba mkwe wangu!

Ninyi rafiki zangu wa Iringa mtacheka, lakini huku kwa Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nami nimeolewa juzi tu!

Nikaruka nyuma ya ubao wetu uliosimama kwa miguu. Mzee naye akageukia ukuta haraka.

Mngefanyaje?

"Mwalimu yuko wapi?" mkufunzi akauliza.

"Nipo, bwana!"

Nikaendelea hukohuko. Sioni maharage, sioni watoto. Ikabidi niulize tu: "Tumaini, umegawaje? Wenzako wanakubali?"

"Hapana, mwalimu! Kajipendelea!"

Wakabishana, wakagawa upya, wakanieleza wenyewe kila mmoja kapata ngapi na kwa nini.

Mara ubao ukayumba. Nani kauwahi? Mume wangu, anayefundisha darasa la jirani, alikuwa amewafuata wazee! Akaushika, akanikonyeza. Moyo wangu, jamani!

Wazee walipotoka, mkufunzi akasema, "Umefaulu. Siku zote unawajibia watoto. Leo wamefikiri wenyewe."

Mume wangu akaninong'oneza, "Nimwambie baba aje kila Jumatatu?"