Kadar na Nyasi za Upande wa Diff

Kadar alikuwa mtu wa sahan. Kwa wafugaji wa Fafi, huyo ndiye anayetangulia kukagua malisho na maji kabla watu hawajahama, na akirudi na habari njema, hakuna anayembishia: nyumba hubomolewa, mikeka hupakiwa, safari huanza. Zamani angekwenda na ngamia. Siku hizi ni pikipiki na jerikeni ya petroli. Hakuwa msemaji. Sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba hajawahi kudanganya kuhusu nyasi.

Mwaka ule wa ukame, jamani, usiombe uuone. Kwao Bura kulinuka mizoga, mbuzi wakatafuna makaratasi. Kaka yake, Salat, akamwambia, "Walaal, ndugu yangu, nenda. Tunakungoja wewe tu."

Akashika njia ya Diff, kule karibu na mpaka, akifuata fununu za mvua. Mvua ya huko haina haki: hunyesha hapa, pale ikaruka. Hata ikinyesha, mchanga huinywa yote, maji yakabaki tu penye bonde la udongo mweusi. Kadar alilipata bonde hilo. Nyasi zilimfika magotini, na katikati kulikuwa na bwawa. Machozi yakamtoka, wala hakuona haya.

Lakini kulikuwa na watu tayari, wa ukoo mwingine, ukoo wa Nunow, mume wa binti yake Hinda. Hinda alimtolea maziwa, akalalamika kwamba baba amekonda. Nunow naye akasema, "Waje, baba. Hatumnyimi mtu maji."

Kadar alijua anasema kweli. Hata hivyo akakunja kikoi, akaingia bwawani na fimbo. Maji yaliishia chini ya kiuno. Yangewatosha waliopo, tena kwa shida. Mifugo ya Bura ikiongezwa, yangekauka katikati ya ukame, na watu wote wakiwa palepale na bunduki zao, bila kisima kingine cha kukimbilia. Miaka ya nyuma bwawa kama hilo liliwapeleka kaburini vijana wa pande zote mbili. Watu wa mjini wakasema ni chuki ya koo. Chuki gani hiyo? Mvua zikiwa nzuri, koo hizohizo huoana! Hinda mwenyewe aliolewa mwaka ambao kila shimo lilikuwa na maji.

Njia nzima ya kurudi Kadar alijigombeza peke yake. Alipofika, wanawake walikuwa wameshaanza kukunja mikeka.

"Haya, sema," Salat akamwambia.

"Hakuna kitu. Pakavu mpaka mpakani."

Wakamwamini. Mikeka ikakunjuliwa. Mbuzi wa Salat wakaisha, ng'ombe wa Kadar nao wakaisha, akawa anaiburuta mizoga nje ya boma huku analia kama aliyefiwa na mtu.

Mvua ziliporudi, Hinda alikuja kuwasalimu, amenawiri, na samli ya zawadi mkononi. Ukoo mzima ukakusanyika kunywa chai naye.

"Alhamdulillahi, lile bonde limetuokoa," akasema. "Si aabo, baba yangu, alilikuta na nyasi zake? Sisi tuliwangoja, hamkuja."

Salat akaweka kikombe chini. "Kadar, uliliona?"

"Nililiona."

"Na nyasi?"

"Zilifika magotini."

"Mbuzi wangu wote, walaal. Wallahi, wote!"

"Maji yalikuwa kidogo. Mngeuana. Wanao na mume wa huyu."

"Labda tusingeuana! Labda tungegawana, mvua ikatukuta pale na heshima zetu. Umeniulia mbuzi kwa labda?"

"Ndiyo," Kadar akasema. "Kwa labda."

Kazi ya sahan akapewa Abdinasir, kijana mwingine wa ukoo, palepale, chai haijapoa. Hinda alikuwa anafuta machozi, hajui alichokosea. Kadar alitamani kumwonyesha Salat japo mtu mmoja ambaye leo angekuwa kaburini. Lakini angeanza na nani? Walikuwa wamemzunguka wote, wazima, wanawe Salat mstari wa mbele, na hakuna aliyekuwa tayari kumtazama usoni.