Mwalimu Miguu na Somo la Ufahamu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Miguu, maana katika miaka kumi na minane ya kufundisha hakuna aliyewahi kumwona amekalia kiti. Alifundisha ufahamu akizunguka kati ya madawati, mara dirishani, mara mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu.

Muhula ule swali lilimkaa kichwani: wanafunzi wake wanaelewa wanachosoma, au wanajibu tu? Kidato cha pili A aliwafundisha kama alivyofundishwa yeye: mmoja asome kwa sauti, kisha wote wajibu maswali. Kidato cha pili B aliwaweka wanne wanne. Wakimaliza aya, wanafunga kitabu, mmoja anaieleza kwa maneno yake, wenzake wanamhoji. Kelele zao zilifika mpaka ofisini.

Ulipokuja mtihani wa katikati ya muhula, A wakawapita B kwa alama mbili.

"Si nilikwambia?" alisema mkuu wa idara, mama mpole asiyependa kelele. "Rudi kwenye njia yetu, mwalimu."

Nyumbani aliizunguka meza, sahani mkononi.

"Baba watoto, kaa ule," mkewe alimwambia. "Shingo zinatuuma kwa kukufuata."

"A hawaelewi. Wananakili tu."

"Kama unajua, mbona unahangaika?"

"Sijui. Nahisi tu."

Kesho yake akaandika ubaoni, katika madarasa yote mawili, maneno aliyoyabuni mwenyewe: *Mbwetu mmoja aligonyota kifyeto chake kwenye zoroti.* Akauliza: mbwetu aligonyota nini, na wapi?

A wakajibu wote, chapuchapu, kwa mwandiko mzuri. Aligonyota kifyeto, kwenye zoroti. Katika B nusu nzima walijibu vivyo hivyo, na hilo lilimchoma. Nusu nyingine walisita, na msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alama zake hazikuwa za kujivunia, aliweka kalamu chini.

"Samahani mwalimu, kifyeto ni nini?"

"Wewe unadhani ni nini?"

"Sijui. Ndiyo maana sijajibu."

Akabeba madaftari kwa mkuu wa idara. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani, kisha akayasoma tena majibu.

"Mtihani wa mwisho hauna vifyeto," alisema. "Nakupa vipindi viwili kwa wiki, A na B. Vilivyobaki, fundisha kama zamani. Na mfunge mlango."

Alitoka bila kujua kama ameshinda au ameshindwa. Akapitiliza hadi darasa la A, likiwa tupu, akaanza kupanga madawati manne manne. Akasita. Au matatu matatu? Akayapangua.