Viti Alivyoshona Delfina

Katika karakana yetu ya Torino, tulikounda mabodi ya magari kwa mikono, hakuna aliyeshona viti muda mrefu kama Ersilia. Kwa hiyo mwenye karakana alipoamua kuunda gari la maonyesho, bapa, la rangi ya shaba, sote tulijua viti ni vyake. Lakini msimamizi wetu, Bwana Ottavio, kazi hiyo akampa Delfina, aliyekuja juzijuzi. Ersilia akaambiwa ashone zulia la buti, kule nyuma ya gari kunakowekwa mizigo.

Hakulalamika. Ila tangu siku hiyo kahawa alikunywa peke yake, na Delfina akimsalimu, aliitikia huku ameinama akitafuta sindano ambayo haijapotea.

Gari likapelekwa kwenye maonyesho ya Geneva. Delfina naye akaenda, awepo wa kurekebisha ngozi ya viti ikilegea. Picha yake ikatoka gazetini, amesimama kando ya mlango, na wenzetu wakaibandika ukutani. Ersilia akahamisha cherehani yake, akaipa picha mgongo.

Watu walilisifu sana gari lile, lakini hakuna kiwanda kilichokubali kulitengeneza kwa wingi. Likarudi, likafunikwa turubai stoo. Siku hiyo Ersilia alimpikia mumewe nyama kwa mvinyo kama vile ni sikukuu. Alipomweleza sababu, mumewe akashangaa.

“Si kazi yenu wote hiyo iliyokataliwa?”

“Kula, itapoa,” alimjibu.

Furaha yenyewe haikudumu. Karakana kubwa kuliko yetu ilikuwa imeviona vile viti, ikamchukua Delfina kwa mshahara mnono.

Kisha Bwana Ottavio akamwagiza Ersilia avifumue, ngozi itumike kwingine. Alikwenda na kisu mbiombio. Kwanza akakaa. Kiti kikampokea kiuno na mgongo kama kilichopimwa kwake. Akapitisha kidole kwenye mshono wote akitafuta mahali palipokwenda upande. Hakupaona.

Alirudi akasema ngozi imekauka, ikifumuliwa itachanika. Bwana Ottavio akamwamini.

Mimi nilikaa meza iliyofuata yake, na ngozi ile nilikuwa nimeishika asubuhi.

“Dada Ersilia, mbona ile ngozi ni laini bado?”

“Laini sana,” akasema, bila kuinua macho. “Nikiifumua itawekwa mezani hapa, mseme Delfina hivi, Delfina vile. Acha ikae hukohuko gizani.”

Akakanyaga cherehani.