Uwanja wa Maganda

Mama mkwe hakuwa mkali ila kwa jambo moja: viatu. Uwanja wake ulitandazwa maganda ya chaza, meupe pepepe, aliyoyakusanya miaka nenda miaka rudi pamoja na marehemu mumewe, na aliyeukanyaga na viatu alikiona cha mtema kuni. Hata daktari aliyekuja kumpima presha aliuvuka peku, mkoba begani, viatu mkononi.

Mke wa mwanawe, waliyemwita Mlezi kwa kuwa kazi yake ni kulea chaza wachanga matangini, alimpenda na, tuseme ukweli, alimwogopa.

Msimu huo wachanga walianza kufa. Wanaogelea siku moja mbili, kisha wanazama kama vumbi, hawana ganda. Mlezi alijua sababu. Moshi wetu wa magari na viwanda hauishii angani. Bahari nayo hunywa fungu lake, na kadiri inavyokunywa ndivyo maji yanavyochachuka. Katika maji hayo chaza mchanga hujenga ganda mpaka nguvu zimwishie, na ganda halijakamilika. Dawa ni kuyapitisha maji kwenye maganda makavu yaliyopondwa, yapunguze uchachu kabla ya kuingia tangini. Lakini maganda ya kitaluni, pale alipolelea chaza wake, yalikuwa yamekwisha, na mwenye kitalu ameshasema kundi hili likifa anafunga, kila mtu ashike njia yake.

Maganda mengine yalikuwa mahali pamoja tu, nawe unapajua.

"Mwambie wewe, ni mama yako," Mlezi alimwambia mumewe.

"Mama ni wangu, ila kazi ni yako," mume akajibu, akajifanya anatafuta miwani. Alikuwa ameivaa.

Basi Mlezi akaenda mwenyewe, peku. Alianza na hali ya hewa, akapitia magoti ya mama, akafika kwenye bei ya sabuni.

"Mwanangu, sema. Mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?"

Akasema. Mama mkwe akaokota ganda moja, akalifuta kwa upindo wa nguo.

"Hili alilipanga baba yenu kwa mkono wake."

Mlezi alitamani ardhi ipasuke.

"Hao watoto wako wakoje?"

"Wadogo, mama. Hawaonekani kwa macho."

"Na unawalilia?"

"Nawalilia."

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na koleo. "Watoto hawana nyumba, mimi nafagia uwanja. Leta magunia."

Mume naye akaipata miwani yake, akabeba.

Wiki iliyofuata Mlezi aliinamia hadubini, akawaona wachanga wana maganda, membamba lakini kamili. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Mama mkwe akaja kuwatazama. Sakafu ya kitalu ilikuwa imelowa, baridi.

"Mama, humu tunavaa buti," Mlezi alisema.

Mama mkwe alikuwa ameshavua ndala, amezishika mkononi, anaingia taratibu.

"Buti za nini? Kwani huu si uwanja wangu?"