Bonge la Udongo Kutoka Kinindo

Barabara za milimani zilipofungwa na vita, mboga za lengalenga ziliadimika sokoni, nikaamua kulima nyuma ya karakana ya mume wangu, pale mtaani Buyenzi. Malori yalikuwa yameegeshwa mahali hapo miaka mingi. Nilipiga jembe mpaka viganja vikachubuka, nikaponda mabonge yote yakawa unga. Mvua ya kwanza iliugeuza unga ule tope, na jua la siku mbili likaukausha kama sakafu ya saruji. Mbegu hazikutoka. Nikalima tena, ikawa vilevile.

Jirani yangu, mama aliyekimbia kutoka Uvira, alikuwa akifua nguo katika nyumba moja ya Kinindo, mtaa wa matajiri. Siku moja alisimama akaniangalia.

"Dada, we unalima sana," akasema. "Udongo iko na nyumba yake ndani. Kila siku unaibomoa."

"Nyumba ya nani?"

"Ngoja nitakuletea uone."

Alasiri ya siku ya pili yake alirudi na kifurushi cha kitenge. Kwenye bariyeri ya njiani askari walikuwa wamemfungulisha, wakakuta bonge la udongo mweusi wa chini ya mti wa avoka, parachichi. Walimuuliza ni la nini, akawajibu kuna mutu anataka kumuonyesha. Mmoja akalinusa, akamwambia apite.

Tulitia bonge lake katika glasi ya maji, na la kwangu katika glasi nyingine. La kwangu liliporomoka papo hapo, maji yakawa kama chai ya maziwa. Lake lilikaa, likitoa viputo vidogo. Mume wangu alikuja na mikono yake ya grisi, akachuchumaa.

"Nini inashikilia hii?" akauliza.

Jirani alilitoa, akalipasua kwa vidole. Ndani mlikuwa na matundu, vijizizi, nyuzi nyeupe za ukungu nyembamba kuliko za buibui, na nyungunyungu mmoja.

"Hawa ndio mafundi," akasema. "Wanakula majani, wanatoa kitu kama gundi. Wanachimba njia, maji inapita, hewa inapita. Kwako watakula nini?"

Nikaliweka jembe. Nilifunika kiwanja kwa majani ya migomba na maganda ya kahawa, na jirani akaniletea udongo mwingine wa Kinindo, kidogo kidogo. Kila asubuhi baada ya swala nilifunua majani nichungulie. Wiki nyingi niliona siafu tu. Halafu siku moja nikakuta vichuguu vidogo vya kinyesi cha nyungunyungu, kama tambi zilizokunjwa. Nilimwita mume wangu, akaacha gari la mteja limefunguliwa boneti akaja kuona.

Msimu uliofuata lengalenga zilistawi upande wa ukuta, tukala sisi na jirani. Upande ambako mume wangu alikuwa akimwaga oili chafu ya magari hapakuota kitu. Nilichimbua huko mara mbili nikitafuta nyungunyungu, sikupata hata mmoja. Tangu wiki ile mume wangu oili chafu aliimimina ndani ya pipa.